Chumba cha Mgeni

(Maneno yaliyosemwa na karani mmoja mbele ya wazee, waalimu na watu wa kijiji, mteremkoni mwa Kilimanjaro, katika siku za kujitayarisha kwa sikukuu ya Noeli.)



Twashukuru kwa kupewa nafasi ya kusimama mbele yenu. Wako hapa wanaostahili kusema kabla yetu, maana sisi tu makarani tu, kazi yetu ni kalamu na daftari, wala hatukutumwa kumfundisha mzee namna ya kumkaribisha mtu nyumbani kwake. Lakini katika jambo hili sisi tulikosea, tukaaibika, tukajifunza. Na mtu aliyekwisha kujikwaa hana budi kuwaambia walio nyuma yake mahali lilipo jiwe. Ndiyo sababu tumekubali kunena habari ya chumba cha mgeni.

Ninyi nyote mwajua mwezi wa Desemba ulivyo kwetu. Tangu Machame mpaka Rombo njia zote hujaa watu. Watoto wa mlima huu walioenea Dar es Salaam, Arusha, Mwanza na miji mingine hurudi kuwaamkia wazee wao, kuyaona makaburi ya waliotangulia, na kula pamoja chini ya migomba ya kihamba walikozaliwa. Wengi huja kwa basi, na tangu Desemba mwaka 2019, treni ya abiria iliporudi kufika Moshi baada ya miaka mingi, wengine huja kwa reli. Hufika wamechoka, wana watoto mikononi na mizigo mabegani, na wengine huleta wake au waume wasiopata kuuona mlima huu hata siku moja.

Sisi wenyeji nasi hatulali. Mbuzi huchaguliwa, ndizi za mtori hukatwa, ulezi wa mbege huandaliwa mapema, ua hufagiwa, na ukuta wa mbele hupakwa chokaa. Hayo yote ni mema. Lakini tuulizane kwa haki: ni nani kati yetu aliyekitazama chumba atakacholala mgeni kabla ya siku ile ya mwisho? Kwa miezi 11 chumba hicho si chumba, ni ghala. Ndimo yalimo magunia ya mahindi, majembe, bomba la kunyunyizia kahawa, na pengine kuku anayelalia mayai. Siku moja kabla ya Noeli vitu hivyo husukumwa pembeni, shuka jipya hutandikwa, pazia hutundikwa, nasi husema, "Chumba tayari." Mgeni hula nasi saa moja au mbili kwa siku, lakini katika chumba hicho hukaa usiku kucha. Basi karamu yetu yote twaiweka mahali pa saa mbili, na pale pa saa nane hatuweki kitu.

Sasa tuwasimulieni kosa letu.

Mwaka mmoja kaka yetu mkubwa alituletea habari ya kuwa atakuja kula Noeli kwetu pamoja na mkewe na watoto wao watatu. Miaka mingi ilikuwa imepita bila ya yeye kulala nyumbani, kwa sababu ya maneno yaliyopita kati yetu juu ya mpaka wa shamba. Kwa hiyo ujio huo ulikuwa mkubwa kuliko Noeli yenyewe. Mama yetu alipopata habari alikaa kimya kitambo, kisha akasema, "Nikiwaona wanangu wawili chini ya paa moja, sina la kuomba tena."

Tukafanya haraka kujitayarisha. Kwa kuwa kitanda kilipungua, tulikwenda mnadani tukanunua kitanda cha mbao kilichokwisha kutumika, pamoja na godoro lake, kwa bei nafuu, nasi tukajisifu kwa uchumi wetu. Magunia ya mahindi, yaliyotiwa dawa ya unga ya kuzuia wadudu, tuliyaacha pembeni mwa chumba tukayafunika kwa nguo nzuri yenye maua. Dirisha lilikuwa limekwama, tukaliacha. Tukanunua vikombe vipya, na picha ya kutundika ukutani.

Wageni wakaja. Jioni ile ilikuwa ya furaha. Tulikula, tukacheka, na mama yetu aliimba. Lakini asubuhi tuliwaona wageni wametoka nje kabla ya jua, wamekaa kwenye gogo uani. Tukawauliza, "Mmelalaje?" Kaka yetu akajibu, "Tumelala salama, twashukuru." Shemeji yetu naye akasema vivyo hivyo, akitazama chini. Siku ya pili ikawa hivyo hivyo. Siku ya tatu kaka yetu akasema ya kuwa ameitwa kazini, naye hana budi kuondoka. Alikuwa amesema atakaa siku 10. Wakafunga mizigo, wakaenda. Mama yetu alisimama njiani mpaka vumbi lilipotulia, kisha akaingia ndani asiseme neno.

Tukadhani ya kuwa ni shamba lile. Tulikasirika, ndugu zetu, nasi hatuoni haya kukiri. Tulisema moyoni, "Huyu bado ana kinyongo, tumemchinjia mbuzi, naye ametuacha siku ya tatu." Hasira hiyo tuliitunza mpaka mwezi wa Februari, tulipokwenda mjini kwa kazi, tukakutana na mtoto wa kaka yetu, wa umri wa miaka 6. Mtoto huyo akatuamkia, kisha akauliza kwa unyofu wake, "Baba mdogo, wale wadudu wa kitandani bado wapo?" Tulipomwuliza wadudu gani, alikunja mkono wa shati akatuonyesha alama. Akasema ya kuwa usiku wote mama yake alikuwa amekaa na taa akiwaokota, na mdogo wake alikuwa akikohoa kwa harufu ya magunia, na baba yao aliwakataza wasiseme, maana bibi angehuzunika.

Basi fikirini wenyewe. Kaka yetu hakuondoka kwa kinyongo. Aliondoka kwa sababu watoto hawakulala, naye alinyamaza kwa ajili ya kutuheshimu. Adabu yake tuliiona kuwa ni uadui. Ujio ambao ungalimaliza ugomvi wa miaka mingi ulikaribia kuufufua, na chanzo chake ni kitanda cha bei nafuu na dirisha lililokwama.

Usiku ule tulirudi nyumbani, tukaingia katika chumba kile, tukalala humo sisi wenyewe. Hatukumaliza saa tatu. Kunguni walitujia kama watu wanaojua njia. Harufu ya dawa ilikwama kooni. Mlango ulilia kila ulipoguswa, na tulipotaka kwenda chooni gizani tulijigonga goti kwenye mbao za kitanda. Ndipo tulipojua yale ambayo kaka yetu asingeweza kutuambia.

Kwa ajili ya hayo, neno letu leo ni moja, na mengine yote ni matawi yake: Kabla mgeni hajalala katika chumba chake, lala wewe humo kwanza, usiku mzima. Mchana chumba husema uwongo. Mchana twaona pazia na shuka. Usiku ndio huonyesha mbu, baridi, harufu, godoro lililotoboka, na paa linalovuja. Mgeni mwenye adabu hatakuambia kamwe. Mjulishaji wako ni mwili wako mwenyewe. Nanyi fanyeni hivyo wiki 3 kabla ya sikukuu, si siku 1, ili mpate nafasi ya kutengeneza.

Ruhusuni sasa tutaje yale ambayo usiku huo utawaonyesha.

La kwanza ni kunguni. Mdudu huyu haleti ugonjwa unaojulikana, lakini huondoa usingizi, huwasha mwili, na huleta fedheha. Hujificha katika mishono ya godoro, nyufa za mbao na nyuma ya picha, na aweza kukaa miezi mingi bila kula, akimngoja mtu. Husafiri katika vitanda vilivyotumika, magodoro na mifuko ya safari. Basi kitanda cha mnadani kisiingie ndani kabla ya kuchunguzwa uani mchana kweupe. Shuka na vyandarua vifuliwe kwa maji ya moto sana. Mbao za kitanda zifunguliwe, na kila ufa umwagiwe maji yanayochemka. Kuanika godoro juani ni kuzuri, lakini peke yake hakutoshi, kwa maana walio ndani hukimbilia upande wa kivuli. Tena mayai ya mdudu huyu huanguliwa kwa siku 6 hadi 10 hivi. Kwa hiyo kazi hiyo irudiwe baada ya wiki 2. Hii ndiyo sababu tumesema wiki 3 kabla. Wala msipake mafuta ya taa kitandani, maana moto hauchelewi. Wala sumu ya kahawa au ya mboga isinyunyizwe kamwe mahali mtu anapolala. Dawa ya shamba ni ya shamba.

La pili ni papasi. Huyu ni hatari kuliko kunguni. Hukaa katika nyufa za sakafu na kuta za udongo, hutoka usiku kunyonya damu, kisha hurudi ufani. Naye aweza kuishi miaka bila kula. Huleta homa inayoacha na kurudi, iitwayo homa ya papasi. Habari yake inahusu wageni kabisa. Mwaka 1905 mganga Mjerumani Robert Koch alikuja katika nchi hii kuichungua homa hiyo, naye aliwakuta papasi katika vibanda vya kupumzikia wasafiri kando ya njia za misafara. Mwaka huo huo, huko Kasongo katika Kongo, daktari Mwingereza Joseph Dutton alikufa kwa homa hiyo hiyo aliyokuwa akiichunguza. Ona basi: nyumba iliyojengwa ili msafiri apumzike ndiyo iliyokuwa ikimwua. Kibanda cha wageni ndicho kilichowafaa papasi, kwa maana kila usiku huja mtu mpya, wala hakuna mwenyeji wa kuziba nyufa. Hata leo homa hii haijatoweka katika Tanzania. Mwenye sakafu ya saruji ana afadhali. Mwenye sakafu ya udongo aizibe na kuisiliba upya, na kuta vivyo hivyo. Kitanda kisigusane na ukuta. Na mgeni asilazwe chini, hata akisema yeye ni kijana.

La tatu ni hewa na moto. Aliyezoea joto la pwani huona baridi usiku wa mlimani, nasi kwa huruma humpelekea jiko la mkaa chumbani, tukafunga mlango na dirisha ili joto lisitoke. Wazee wetu, twawasihi, msifanye hivyo. Mkaa unaowaka hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Aliyelala hasikii kitu. Huumwa kichwa, hulegea, na asubuhi hakuna anayeitika. Hata makaa yaliyofunikwa majivu hayafai. Mgeni apewe blanketi la pili, na dirisha lifunguke. Lile dirisha letu lililokwama lilitengenezwa na fundi kwa nusu saa tu.

La nne ni mbu. Chandarua chenye dawa kitundikwe, kikaguliwe matundu, nacho kifike chini ya godoro pande zote. Mwenye chandarua kimoja tu ndani ya nyumba, na wageni wana mtoto mchanga au mama mjamzito, ajue ni nani mwenye haki ya kwanza.

La tano ni maji na njia ya choo. Wekeni chumbani chupa au mtungi wenye kifuniko, wa maji yaliyochemshwa. Yakitokota dakika 1 yatosha, na kwa wakaao juu kupita mita 2,000, dakika 3. Wekeni na kikombe. Mgeni huona haya kuamsha watu usiku kwa ajili ya maji. Kabla ya giza mwonyesheni njia ya choo, na mumpe taa yake mwenyewe. Ondoeni jiwe na kamba ya mbuzi njiani. Kama mgeni ni mzee, pigieni mti wa kushikilia. Huko chooni kuwe na maji na sabuni ya kunawia.

La sita ni dogo, lakini lina heshima kubwa: misumari mitatu ukutani ya kutundikia nguo, kiti kimoja, na komeo upande wa ndani. Mtu mwenye komeo hujua ya kuwa chumba kile ni chake. Magunia na yatoke. Mkikosa mahali pengine pa kuyaweka, heri yakae chumbani kwenu kuliko kwa mgeni. Lakini yale yenye dawa yasikae mahali po pote pa kulala watu.

Tena kuna mambo mawili ambayo hayafai katika kumpendeza mgeni. Moja ni kukopa. Twawajua watu waliokopa fedha mwezi wa Desemba ili kununua kochi, nao mwezi wa Januari wakakosa fedha za sare na madaftari ya watoto. Haya tuliyoyataja yote, maji ya moto, kusiliba nyufa, kufungua dirisha, kupigia misumari, gharama yake ni jasho zaidi kuliko fedha. Jambo la pili ni kumhamisha mzee. Katika nyumba nyingine bibi hutolewa kitandani pake, akalazwa jikoni penye moshi, ili mgeni wa mjini apate nafasi. Ikiwa chumba hakitoshi, heri vijana walale pamoja, wala mzee asiguswe. Mgeni aliyekuja kumwamkia mama, akamkuta mama amelala jikoni kwa ajili yake, amepewa zawadi ya aibu.

Nanyi mtakaokuwa wageni, tuna neno kwenu pia. Adabu ya kunyamaza ni njema, lakini ina mpaka. Kaka yetu alinyamaza kwa upendo, na kimya chake kilitufanya tumdhanie vibaya kwa miezi miwili. Mgeni aweza kumwita mwenyeji faraghani, akamwambia kwa sauti ya chini, "Ndugu yangu, tusaidiane, kitandani mna wadudu." Hilo si tusi. Mwenyeji mwenye akili atashukuru, kwa maana wadudu hao mgeni akiondoka hawaondoki naye wote. Hubaki na watoto wa nyumba.

Waalimu, twawaomba mambo haya myaseme darasani kabla ya likizo, maana mtoto akiambiwa na mwalimu wake juu ya jiko la mkaa, atalikumbusha nyumbani mara kumi. Wazee, twawaomba myaseme katika mikutano yenu, kwa kuwa neno la mzee hufika mahali lisipofika karatasi.

Mwisho, huenda mwataka kujua habari ya kaka yetu. Tulipokwisha kulala katika chumba kile na kuujua ukweli, tulichuma jani la isale kihambani. Nanyi mwajua maana yake tangu enzi za wazee: mtu akiletewa isale hawezi kuukataa msamaha kwa wepesi. Tukalipeleka mjini sisi wenyewe, tukamwambia, "Kaka, tulikulaza mahali pabaya, kisha tukakukasirikia wewe." Alilipokea kwa mikono miwili, akacheka mpaka machozi yakamtoka, akasema, "Nami niliwaficha, basi kosa letu sote." Siku hiyo hiyo tulizungumza habari ya mpaka wa shamba, ikaisha kwa maneno machache kuliko tulivyodhani.

Kitanda kile tulikichoma moto. Chumba tukakisiliba, tukakitengeneza, na mwezi wa Novemba tukalala humo na mwenzetu wa nyumbani usiku tatu, tukiandika kila asubuhi lililopungua, kama ilivyo desturi ya makarani. Noeli ile kaka yetu alikuja tena na watu wake. Asubuhi ya kwanza jua lilipanda, likafika juu ya migomba, na mlango wao bado umefungwa. Watoto wetu walitaka kugonga, lakini mama yetu aliketi kizingitini na fimbo yake, akawafukuza. Akasema, "Waacheni wanangu walale."

Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Sisi tumelijua neno hilo kwa vitendo, maana nyumba iliyosafishwa kwa ajili ya mgeni, watoto wetu ndio wanaolala humo salama mwaka mzima. Basi wiki hizi zilizobaki, kila mwenye nyumba na achukue blanketi lake, akalale usiku mmoja katika chumba cha mgeni wake.

Hayo ndiyo tuliyotaka kuyasema. Twawatakieni sikukuu njema, nanyi mlale salama pamoja na wageni wenu.